Kadi ya Mtu Aliyesafiri

Nilipojiunga na timu yangu ya tatu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimekwisha kuzoea kuhamishwa kama kiti. Timu ya kwanza ilikuwa ya benki. Nilipewa kazi ya ukarani, lakini ukarani wenyewe ulikuwa kugonga mihuri mpaka saa nane mchana, kisha kwenda uwanjani. Meneja aliyependa mpira wa kikapu akatoroka nchi, na aliyekuja baada yake alipenda ndondi. Timu ya pili ilikuwa ya kampuni ya mabasi. Vipuri vilipokwisha mabasi yakasimama, na timu ikasimama pamoja nayo, katikati ya msimu. Ndivyo tulivyoishi sisi tuliocheza kwa ajira Kampala: kwenye karatasi mmoja ni karani, mwingine fundi, mwingine mlinzi wa lango, na kila mmoja anajua kwamba siku goti likivunjika, kazi nayo imekwisha.

Sitaandika jina la mtu yeyote humu. Wengine bado wako Kampala. La yule ambaye habari hii inamhusu ningependa sana kuliandika, lakini nimekwisha kulitumia vya kutosha.

Timu ya tatu ilikuwa ya kiwanda cha mablanketi, chini ya maghorofa ya Bugolobi. Kocha wake alikuwa sajini zamani, mtu mnene mwenye filimbi shingoni hata akila, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alinitazama nikitupa mpira kwa muda, kisha akaniita ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya stoo ya nyuzi.

"Iko jambo moja," akasema. "Wewe nachezea mabasi mara nne. Sheria ya chama nasema mchezaji ya timu moja hapana chezea timu ingine mpaka mwaka ishe."

"Kwa hiyo nisubiri mwaka ujao?"

"Subiri nini? Kadi iko."

Akavuta droo, akanitolea kadi ya usajili ya mtu mwingine. Picha yake ilikuwa ndogo na imefifia kwa unyevu, kiasi kwamba uso ule ungeweza kuwa wa kijana yeyote mrefu. Nikamwuliza mwenyewe yuko wapi.

"Nasafiri," kocha akasema, akafunga droo.

Katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi neno hilo halikuhitaji maelezo. Kila mtu kiwandani alikuwa amewaona watu waliokuja langoni mchana, wakamwita mwenye kadi ile, fundi wa mitambo, kwa upole, wakamfungulia mlango wa nyuma wa gari. Daftari la kiwanda liliandika kwamba ameacha kazi. Mimi sikuwepo siku hiyo, lakini niliyajua yote haya kabla sijafika mwisho wa wiki yangu ya kwanza. Nalisema wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba sikujua.

Nikaichukua kadi. Zaidi ya hapo, nikaifanyia kazi. Mimi ni mtu ambaye hawezi kufanya jambo nusu; ni ugonjwa, wala si sifa. Mpira wa kikapu wenyewe hakuna aliyenifundisha. Niliusoma katika gazeti kuukuu la michezo lililokuwa na picha sita za mtu akitupa mpira, na ya nne ilikuwa imechanika, kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua kiwiko kinapita wapi kati ya picha ya tatu na ya tano. Nilikuwa nikirudia mtupo mmoja mpaka vidole vitoke damu kwenye kucha, na bado nikalala nikiwa na hofu kwamba nimeukosea. Basi kadi ile nayo niliikazania. Sahihi ya mwenyewe ilikuwa na mkia mrefu mwishoni. Niliiandika mara arobaini kwenye karatasi za kufungia nyuzi mpaka mkia wangu ukawa kama wake.

Wachezaji wenzangu walinipa jina siku ya kwanza tu. "Msafiri karudi!" mmoja akapiga kelele nilipovaa jezi. "Msafiri, umetuletea nini huko?" Wakacheka, nami nikacheka. Kicheko chetu cha wakati ule kilikuwa kifupi. Mtu hucheka huku akitazama ni nani amesimama karibu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloona aibu nalo kuliko yote. Nilicheza vizuri. Nilipokuwa na jina langu, kila mpira nilioukosa ulinikaa kifuani siku tatu. Kwa jina la yule mtu, nikikosa, sikuwa nimekosa mimi. Mikono yangu ikalegea, macho yakawa yanaona ubao wote. Kabla ya kila mchezo refa hushika kadi za timu na kusoma majina, na kila mchezaji huinua mkono na kujibu "Nipo." Mara ya kwanza nilichelewa kujibu. Mara ya tatu nikawa najibu upesi kuliko wote.

Katika mchezo wa nne nilifunga pointi ishirini na mbili. Jioni yake redio ilisoma matokeo, na baada ya matokeo ikamtaja mfungaji bora. Nilikuwa nyumbani, mama ananimiminia chai. Likasomwa lile jina. Mama hakushtuka, maana halikumhusu. Mimi nilijisikia nimejaa furaha mpaka nikaogopa kunyanyua kikombe. Wiki mbili zilizofuata likasomwa tena, mara mbili.

Jumamosi iliyofuata tulicheza nyumbani, Bugolobi, na askari jela wa Luzira. Watu wale walikuwa na miguu kama nguzo na midomo isiyofungika. "Leo tunakutia pingu, wewe fundi," akaniambia beki wao tukiwa bado tunapasha misuli. "Tuna chumba chako kule, kina upepo wa ziwa." Wenzake wakacheka sana. Refa akaanza kusoma kadi. Akafika kwenye ile. Nikainua mkono.

"Nipo."

Ng'ambo ya uwanja, kwenye ukingo wa saruji walikokaa watazamaji, mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama akakaa chini. Nilimwona kwa sababu hakukaa kama watu wanavyokaa. Alikaa bila kutazama anakalia nini. Alikuwa amevaa gomesi ya kijani ya kwendea kanisani, na mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba.

Sikufunga hata pointi moja kipindi cha kwanza. Wakati wa mapumziko alitembea moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu. Kocha alitaka kumzuia, lakini mama mtu mzima aliyevaa vizuri hazuiliwi kwa urahisi mbele ya watu.

"Ni wewe uliyeitika?" akaniuliza kwa Kiganda. Nami Kiganda nimekua nacho, nikamjibu kwa heshima kwamba ni mimi.

"Jina hilo nilimpa mwanangu mimi," akasema. "Nimetembea kutoka Kasubi. Redio ilisema yuko hapa. Ilisema mara tatu."

Hakupaza sauti. Kwa hiyo nilimsikia kila neno, na wenzangu wote wakainamia kamba za raba zao kana kwamba zimefunguka zote kwa pamoja.

"Nyabo," nikasema, "mwenyewe hayupo."

"Hayupo hapa, au hayupo?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, na ilikuwa woga pia. Akanitazama miguuni, mikononi, kwenye namba ya jezi. Kisha akanieleza shida yake, pale pale, kwa maneno machache, kama mtu aliyekwisha kuyapanga njiani endapo mambo yangekuwa hivyo.

Mwanawe alipotea miezi tisa iliyopita. Miezi ile yote walimtafuta, na mwishowe ukoo ulikubali kumfanyia matanga ya mwisho. Kwa Waganda, matanga hayo ndiyo yanayoufunga msiba. Mrithi husimamishwa mlangoni, akavishwa, na aliyekufa huhesabiwa kuwa amekufa. Bila hayo mtu hubaki akining'inia, yeye na wote walio wake: mke si mke wala si mjane, na mama hajui alie kilio gani. Siku ilikuwa imekwisha kupangwa. Kisha redio ikasoma pointi ishirini na mbili. Mzee wa ukoo akasema mtu anayefunga mabao Jumamosi hafanyiwi matanga.

"Mimi mwenyewe nilifurahi," akasema. "Niliruka nikaanguka. Nimemletea na chakula." Akakitazama kile kifurushi, hakujua akifanye nini. "Njoo kwetu kesho, Jumapili, uwaambie wazee kwamba uliyeitika ni wewe. Ni hilo tu. Mimi nikiwaambia, watasema ni uchungu wa mama."

Filimbi ikalia. Nikamwambia nitakuja. Sijui kama nilikusudia. Tulifungwa na askari jela, na yule beki akanipiga bega baada ya mchezo: "Fundi, leo umekwenda wapi? Au umesafiri?" Hakujua alichosema.

Kocha alikuwa ameona yote. Aliniita nyuma ya stoo, akafunga mlango.

"Hiyo mama nataka nini?"

Nikamweleza. Akafuta uso kwa taulo mara mbili.

"Sikia, kijana yangu. Ukienda sema kule kwamba hiyo mtu hapana cheza, iko sawa na kusema hiyo mtu nakufa. Ukisema nakufa, wataulizana: nani naua? Unaona? Na kadi natoka wapi? Droo ya nani? Mimi iko na watoto saba."

"Anataka tu kumfanyia mwanawe matanga."

"Na mimi nataka nini? Nataka matanga yangu?" Sauti yake ilivunjika kidogo. Sikuwahi kumwona akiogopa, nami nikamwogopea. Hakuwa mtu mbaya. Siku zile za uhaba aligawana nasi sukari yake. "Cheza tu. Mwaka ujao nakuandikisha kwa jina yako, nakupa kazi ya kudumu. Naapa."

Hiyo ndiyo ahadi niliyokuwa nimeisubiri tangu benki. Nilitembea kurudi nyumbani nikiigeuza kichwani. Na hapa lazima nikiri kwamba haikuwa huruma kwa yule mama iliyonisukuma hata kidogo mwanzoni. Ilikuwa ile tabia yangu. Niliona mbele yangu michezo minane iliyobaki, na refa akisoma kadi mara nane, na mimi nikijibu "Nipo" mara nane, na nikajua sitaweza tena kulijibu neno lile sawasawa. Nikiwa siwezi kulifanya vizuri, nilipendelea kutolifanya. Huruma ilikuja baadaye, nilipokwisha kuamua. Nasikitika kuiandika namna hii lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili asubuhi nilipita nyumbani kwa kocha, nikamrudishia kadi na jezi. Mkewe alikuwa ukumbini akichambua mchele. Kocha alivipokea, akavipeleka ndani. Aliporudi akasema, "Kesho usije kazini," na akaniambia ikiwa watu wataniuliza huko Kasubi, kadi niliiokota. Nikamwahidi hilo.

Nyumba ilikuwa ya matofali, si mbali na njia ya kwenda kwenye makaburi ya wafalme. Nilivua viatu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, watu kama kumi na wawili, na mzee wa ukoo katikati akiwa na kanzu na koti. Mama aliniketisha karibu na mlango. Kando yake alikuwa mwanamke kijana, mkwe wake, mke wa yule aliyepotea. Alinitazama mara moja, kisha akautazama mkeka.

"Jitaje," mzee akasema.

Kwa Waganda kujitaja si kusema jina tu. Unasema wewe ni nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, wa mlango gani na ukoo gani, mpaka wanaokusikiliza wajue pa kukuweka. Nilikuwa nimewasikia wenzangu wa shule wakijitaja mara nyingi, haraka na kwa majivuno. Mimi ukoo wa Kiganda sina. Babu yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akafungua duka, na kwetu tunazungumza Kiswahili mpaka leo. Nikaanza vizuri kwa Kiganda. Jina langu. Nilikuwa sijalisema mbele ya watu kwa muda mrefu. Jina la baba. Kisha, nilipofika kwa babu, hofu ikanishika ulimi, na yaliyobaki yakatoka kwa Kiswahili.

Mtu aliyeketi karibu na dirisha akainuka, akachungulia barabarani. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mapajani. Nilielewa, lakini nilichelewa. Kiswahili nilichonyonya kwa mama yangu, wao walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani na kwa watu wanaogonga milango.

"Nani kakutuma?" mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa na adabu mpya, ile ya kuogopa.

"Hakuna, ssebo."

"Umekuja na gari?"

"Nimekuja kwa miguu."

"Ni mtoto wa dukani tu," mama akasema. "Hawa wamezaliwa hapa hapa. Tazameni vidole vyake, vimejaa majeraha ya mpira. Askari gani huyu?"

Mtu mmoja akacheka puani, na chumba kikavuta pumzi. Mzee akaniambia niendelee. Nikaendelea kwa Kiganda, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikasema kwamba michezo saba, jina lilipoitwa uwanjani, aliyejibu ni mimi. Kwamba pointi zilizosomwa redioni nilizifunga mimi. Kwamba sikuwahi kumwona mwenye jina hilo, na tangu nifike kiwandani sikumkuta mtu aliyesema amemwona baada ya siku ile. Mzee aliuliza kadi niliipata wapi. Nikasema niliiokota. Akaona kwamba nadanganya na kwa nini, akaliacha.

Ndipo mkwe akasema. Alizungumza na mimi, si na wazee, na hilo lenyewe liliwashtua.

"Jumamosi utacheza?"

"Sitacheza."

"Kwa nini usicheze? Nani kakukataza?" Alikuwa amepiga magoti sasa, mikono juu ya mapaja. "Mimi nilipika siku ile waliyosoma. Niliwaambia majirani. Cheza. Unapungukiwa nini? Mwacheni acheze, baba zangu. Anayemtafuta mume wangu asikie redioni kwamba yupo. Na mimi nisikie."

"Binti yangu," mzee akasema.

"Wewe ukinyamaza," akaniambia, "ndiyo anakufa. Atakuwa amekufa leo, na aliyemwua ni wewe."

Hakuna aliyemkemea. Nilitaka kumwambia jambo ambalo lingekuwa sahihi kabisa, neno moja lisilo na kosa. Nililitafuta na sikulipata. Nikasema tu, "Nisamehe, dada. Sikuwa yeye." Akajifunika uso kwa ncha ya nguo yake, akalia, na baada ya miezi tisa nadhani ndicho kilio chake cha kwanza cha mjane, kwa sababu wanawake wengine walikitambua, wakasogea, wakaanza kulia naye.

Wazee walinong'onezana. Kisha mzee wa ukoo akatoa uamuzi, akautoa kwa maneno ya kawaida kama mtu anayepanga siku ya kupanda maharage. Kulikuwa na babu mmoja wa ukoo aliyekufa kwa uzee mwaka uliopita, ambaye matanga yake yalikuwa bado. Yangefanywa siku moja. Atakayepita barabarani akauliza ataambiwa ni ya yule babu. Ndani, walio wao watajua kwamba warithi wanaosimamishwa ni wawili. Akanigeukia akasema, "Umefanya vizuri kujitaja." Hakusema nimefanya vizuri kingine chochote.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye ua wa michongoma. Nilikuwa nimepoteza kazi asubuhi ile na nilikuwa, naona aibu, nikingojea kushukuriwa. Nikamwuliza matanga yatakuwa lini, nije nisaidie kubeba maji au kuni.

"Usije, mwanangu," akasema. "Uwanjani pale, kabla hujainua mkono, nilikuwa na mtoto. Ukija siku hiyo nitakuangalia wewe tu. Macho hayatanisikia."

Nikasema nimeelewa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akageuka, akarudi ndani walikokuwa wakilia.

Wiki ile ya matanga nilikuwa nimekwisha kuvuka mpaka, niko Kisumu, nikijaribiwa na timu ya nne. Refa wa mchezo wa majaribio alisoma majina kutoka kwenye karatasi. Alipofika kwenye langu alilisoma vibaya kidogo, kama watu wengi. Nikamwomba alisome upya. Wachezaji wakaguna, beki mmoja akaniuliza kama nimekuja kucheza au kusahihisha daftari. Refa akalisoma tena, sawasawa, nami nikainua mkono.